Alama ya Msalaba katika Viungo Vyetu: Namna ya Kumpenda Mungu Kila Siku

Somo kwa wakatekumeni wa vijijini



Akiulizwa kwa nini Mungu alimwumba mtu, kila mkatekumeni aliyehudhuria masomo ya mwanzo hujibu bila kusitasita. Katika jibu lake mna maneno matatu: kumjua Mungu, kumpenda, na kumtumikia. Neno la kwanza twalifanyia kazi kila tukutanapo na katekista. Neno la pili ndilo gumu. Wengi hulitamka vizuri, lakini ukiwauliza, "Jana ulimpenda Mungu kwa jambo gani?" hunyamaza, au hujibu, "Jana haikuwa Jumapili." Somo letu la leo lahusu neno hilo la pili. Tutaona ya kwamba upendo wa Mungu hauna siku moja ya juma iliyo yake. Siku zote ni zake, na mwili wote ni chombo chake.

1. Waya upitao juu ya kijiji

Sisi tukaao upande wa Nzilo twalijua bwawa la Lualaba. Katika miaka ya 1950 mto ulizuiwa mahali pa makorongo, maji yakajaa yakawa ziwa, na kituo cha umeme kikajengwa. Zamani kiliitwa Delcommune, leo chaitwa Nzilo. Maji ya ziwa yana nguvu nyingi sana. Lakini yakikaa tu mahali pake, hayawashi hata taa moja. Ni lazima yashuke katika mabomba makubwa na kuzungusha mashine, ndipo nguvu zake zionekane na kumfaa mtu.

Tena mwajua jambo jingine. Umeme husafiri juu ya nyaya hata kufika migodini, kunakochimbwa shaba na kobalti. Nyaya za namna hiyo hupita juu ya vijiji vingi vya nchi yetu, na katika nyumba zilizo chini yake watu hula chakula cha jioni kwa mwanga wa tochi au mshumaa. Nguvu iko juu ya vichwa vyao, lakini haikushuka nyumbani.

Ndivyo ilivyo hatari ya Mkristu. Aweza kusali asubuhi, kuimba kwa sauti nzuri Jumapili, na kujua katekisimu yote kwa moyo. Lakini mambo hayo yote yaweza kupita juu ya maisha yake kama waya, bila kushuka shambani, sokoni, jikoni, mgodini, wala kitandani anapolala na hasira. Basi swali letu ni hili: tufanye nini ili upendo wa Mungu ushuke na kuwasha taa ndani ya siku yetu?

2. Mungu ametangulia

Kabla ya kujibu, tukumbuke jambo moja lililo msingi wa yote. Si sisi tulioanza kumpenda Mungu. Yeye ndiye aliyetangulia kutupenda, kama afundishavyo Mtakatifu Yohane katika barua yake ya kwanza. Alitupenda tulipokuwa hatujazaliwa, tena alitupenda tulipokuwa wakosefu, akamtoa Mwanawe kwa ajili yetu.

Kwa hiyo matendo mema si bei tunayomlipa Mungu ili atupatie Ubatizo. Mungu si mfanya biashara, na neema yake hainunuliwi. Mtoto mwema hachoti maji ili mama yake akubali kuwa mama yake. Huchota kwa sababu huyo ni mama yake tayari. Vivyo hivyo sisi twafanya mema kwa kuwa tumependwa. Mtu asiyefahamu jambo hili atachoka upesi, au atajivuna. Mtu aliyelifahamu atatenda kwa furaha, na akianguka atainuka tena.

3. Alama mliyopokea

Mlipopokewa katika ukatekumeni, padri au katekista aliwatia alama ya msalaba. Adhimisho hilo ni la kale. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza ukatekumeni wa watu wazima urudishwe kwa madaraja yake, na taratibu zake zilitolewa Roma mwaka 1972. Labda mlishangaa ya kuwa alama haikuishia katika paji la uso. Iliwekwa pia juu ya masikio, macho, midomo, kifua na mabega, na mahali pengine hata juu ya mikono na miguu. Kwa nini viungo vyote hivyo? Kwa sababu hivyo ndivyo tunavyofanyia kazi, tunavyonunulia na kuuzia, tunavyogombania na kupatanishia. Kanisa lilitaka kusema ya kwamba Kristu anadai mtu mzima. Tuvipitie viungo hivyo kimoja kimoja.

Paji la uso. Alama ya paji la uso yasema wewe ni wa nani. Mkulima akitia alama katika jembe lake, kila mtu hujua mwenyewe. Basi Mungu hapendwi nusu. Kuna mtu ambaye ana alama ya Kristu usoni na hirizi kiunoni. Ameambiwa ya kwamba asipopata dawa ya mganga hataona mawe mazuri shimoni, wala wavu wake hautashika samaki. Ndugu, mtu huyo humgawanya bwana wake. Kumpenda Mungu katika jambo hili ni kushuka shimoni au kuingia mtumbwini baada ya kufanya ishara ya msalaba, kukagua kamba na kuta za shimo kwa akili aliyotupa Mungu, na kuiacha hirizi. Kuamini si uzembe. Anayemtumaini Mungu huangalia pia kamba yake.

Masikio. Tumepewa masikio ili tulisikie Neno la Mungu. Jumapili Injili yasomwa, na kabla ya kufika nyumbani wengi wameisahau. Chagua neno moja tu ulilolisikia, ulibebe juma zima kama mtu abebavyo kaa la moto kwa jirani ili awashe jiko lake. Tena masikio yaliyotiwa alama hayakubali kuwa jalala la masengenyo. Jirani akianza kumchafua mwenzake mbele yako, waweza kusema kwa upole, "Mama, huyu hayupo hapa ajitetee. Tuongee mengine." Tendo hilo dogo ni upendo kwa Mungu, maana anayesengenywa ni mtoto wake.

Macho. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu tuna mwalimu mkubwa katika nchi yetu wenyewe, tena mtu wa mji ambao watu wake husema Kiswahili kama sisi.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, na alikuwa mmoja wa jumuiya ya Sant'Egidio, ambamo aliwasaidia watoto wa barabarani wapate kusoma. Hakuwa padri wala mtawa. Alipata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa ziingiazo nchini. Kazi yake ilikuwa kutazama: je, chakula hiki ni kizima, au kimeharibika? Siku moja uliletwa mchele ulioharibika. Wenye mali walitaka upite, nao walimwahidi fedha. Wengine walimwonya akubali, asijitafutie matata. Alikataa.

Fikirini sana jambo hilo, wapenzi. Katika magunia yale, mwingine angeona fedha. Floribert aliona watu: mama anayepika, watoto wanaongoja sahani, na ugonjwa utakaowapata. Alipomweleza sista mmoja habari hizo, alisema ya kwamba fedha zile zingekwisha upesi, lakini wale watakaokula mchele wangekuwaje? Naye alijiuliza kama kweli anaishi kwa ajili ya Kristu. Tarehe 7 Julai 2007 alikamatwa na watu wasiojulikana, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Baba Mtakatifu Fransisko aliwakumbusha vijana habari zake katika uwanja wa Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 Floribert alitangazwa Mwenyeheri huko Roma.

Je, Floribert alikufa akiwa kanisani? Hapana. Alikufa kwa ajili ya kazi yake ya ofisini, yenye karatasi na magunia. Humo ndimo alimompenda Mungu.

Sasa turudi kwetu. Mama auzaye samaki wa ziwani anajua ni samaki gani wa jana aliofichwa chini ya wale wa leo. Mwenye kununua mawe katika depo anajua kama mizani yake yasema kweli au imechezewa. Mchimbaji anajua kama ameujaza mfuko wake mchanga ili uzito upande. Anayepima unga anajua jinsi anavyosukuma kidole ndani ya kopo. Hakuna polisi aonaye mambo hayo. Ni Mungu tu aonaye, na kwa sababu hiyo ndipo mahali hasa pa kumpenda. Mtu akinyosha mizani yake mbele ya watu, aweza kuwa anaogopa. Akiinyosha pasipo mtu kumwona, anapenda.

Midomo. Kwa midomo twasali, na kwa midomo hiyo hiyo twatukana. Mtume Yakobo alistaajabia jambo hilo katika barua yake. Tuseme watu wawili wamegombana kwa ajili ya mpaka wa shamba la muhogo. Wote wawili ni wakatekumeni. Wote wawili wanajua Sala ya Bwana, na kila jioni wanamwomba Baba awasamehe kama wanavyosamehe. Lakini hawasalimiani njiani. Yule atakayetangulia kusema, "Ndugu yangu, njoo tuwaite wazee, tulimalize neno hili," ndiye aliyesali kweli siku hiyo. Bwana wetu alifundisha ya kwamba mtu akikumbuka ugomvi wake akiwa mbele ya altare, aiache sadaka yake, akapatane kwanza.

Kifua. Alama ya kifua yasema ya kwamba Kristu apate kukaa moyoni kwa imani. Mwenyeheri Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba mwaka 1939, akawa mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Kazi zake zilikuwa kama za mama yeyote wa kijiji: alipika, aliwauguza wasichana wagonjwa, alifundisha, alitunza vitu vya kanisa. Nia yake ilikuwa kuwatumikia watu na kuwafurahisha, na kumpendeza Yezu peke yake. Tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa vita vya Wasimba, afisa mmoja alitaka kumchukua kwa nguvu huko Isiro. Anuarite alikataa, kwa kuwa moyo wake alikwisha kumpa Kristu. Aliuawa, naye kabla ya kufa alimsamehe aliyemwua. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Mtu asidhani ya kuwa nguvu ya siku ile ya mwisho ilianguka kutoka juu ghafula. Iliandaliwa jikoni na kando ya vitanda vya wagonjwa, siku baada ya siku. Anayempa Mungu moyo katika mambo madogo hujizoeza kumpa katika jambo kubwa. Kwenu ninyi mlio katika ndoa, moyo usiogawanyika maana yake ni uaminifu wa mume mmoja kwa mke mmoja. Kama katika jambo hilo nyumba yako haijawa sawa, usijifiche. Nenda kwa padri, umweleze kweli yote, hata kama njia ya kulinyosha ni ndefu. Kweli hiyo ni mwanzo wa upendo.

Mabega. Bwana alituita tuichukue nira yake, naye alisema ni nyepesi. Mwenyeheri Isidori Bakanja wa upande wa Mbandaka alifundishwa dini akiwa kijana, katika kazi ya ujenzi, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Alivaa skapulari ya Bikira Maria, ile iwekwayo mabegani. Alipokwenda kufanya kazi kwa Mzungu mmoja huko Ikili, aliwafundisha wenzake sala. Bwana wa kazi alichukia, akamwamuru aivue skapulari. Bakanja alikataa. Alichapwa kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, hata mgongo wake ukawa jeraha moja. Aliteseka muda wa miezi kama sita, akafa tarehe 15 Agosti 1909, baada ya kusamehe na kuahidi ya kwamba mbinguni atamwombea yule aliyempiga. Alitangazwa Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994. Angalieni: alikuwa mkatekumeni kama ninyi, na muda wa miaka mitatu tu ulipita tangu Ubatizo wake hata kifo chake.

Lakini tupambanue vizuri. Mungu hakuupenda mjeledi. Uovu wa yule bwana ulibaki uovu. Mungu alipendezwa na upendo wa Bakanja usioshindwa na mjeledi. Kwa hiyo msimwambie mtu anayeonewa, "Vumilia tu, huo ni msalaba wako." Mzigo tuwezao kumwondolea mwenzetu, tumwondolee. Upendo wa Mungu watudai hivyo.

Na hapa kuna mabega ambayo lazima tuyataje, mabega ya watoto. Karibu na migodi yetu wako watoto wabebao mifuko ya mawe, au waoshao mawe majini, saa ambayo wenzao wako darasani. Sheria ya nchi yakataza jambo hilo. Twajua ya kuwa wazazi wengi hawafanyi hivyo kwa ukatili, bali kwa njaa. Tangu mwaka 2019 serikali imetangaza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, lakini daftari na nguo bado zahitaji fedha, na tumbo halingoji. Basi jambo hili lisiachiwe mzazi mmoja. Jumuiya ya Wakristu wa mtaa ikae pamoja na kuuliza: ni mtoto gani kwetu asiyesoma? Nani atatoa daftari? Nani atampa mama yake kazi ya kupalilia kwa malipo ya haki? Kristu alisema ampokeaye mtoto ampokea yeye mwenyewe. Anayeshusha mfuko mabegani mwa mtoto amemtua Kristu mzigo.

Mikono na miguu. Nitasema kwa kifupi. Kanisa hutufundisha matendo saba ya huruma ya mwili: kulisha wenye njaa, kunywesha wenye kiu, kuvika wasio na nguo, kupokea wageni, kuuguza wagonjwa, kutembelea wafungwa, kuzika wafu. Hakuna hata moja lisiloweza kufanyika kijijini. Bakuli la bukari kwa mjane mzee, mtungi wa maji kwa mama aliyejifungua, saa moja kando ya mgonjwa anayeogopwa na wengine: mambo hayo Bwana atayataja siku ya hukumu.

4. "Lakini mimi sisikii upendo huo"

Wengine husema, "Nasikia upendo kwa watoto wangu, maana nawaona. Mungu simwoni, nami nikisali moyo wangu ni mkavu kama udongo wa Septemba." Neno hilo lisiwatishe. Upendo si joto la moyo tu. Joto huja na kuondoka. Mama anayeamka usiku wa manane kwa sababu mtoto ana homa hasikii raha yoyote. Amechoka, macho yamejaa usingizi, pengine hata amekasirika. Je, hampendi mtoto? Huo usiku ndio anaompenda kuliko siku zote, kwa kuwa ameamka.

Kupenda ni kutaka, na kutaka huonekana kwa kutenda. Bwana wetu mwenyewe katika bustani ya Getsemani hakusikia raha. Aliogopa na kuhuzunika, lakini alichagua mapenzi ya Baba. Basi ukiomba katika ukavu na usiache kuomba, umempenda Mungu. Ukirudisha chenji iliyozidi huku moyo ukisononeka, umempenda Mungu. Mtakatifu Yohane atupa kipimo kilicho rahisi: mtu akisema ampenda Mungu asiyemwona, naye amchukia ndugu amwonaye, maneno yake ni ya uongo.

5. Siku moja ya mkatekumeni

Mtaguso wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulifundisha ya kwamba kazi za waamini walei, sala zao, maisha yao ya ndoa na ya jamaa, hata mapumziko na taabu wanazovumilia, zikifanywa katika Roho Mtakatifu huwa sadaka za kiroho, nazo hutolewa kwa Baba pamoja na Mwili wa Bwana katika Ekaristi. Kwa hiyo mkulima haendi Misa mikono mitupu. Aleta juma lake zima.

Tufanyeje basi?

Asubuhi, kabla ya kutoka mlangoni, fanya ishara ya msalaba polepole, umtolee Mungu siku yako kwa maneno yako mwenyewe. Taja kazi yenyewe: "Baba, leo napalilia. Palizi hii ni yako."

Katikati ya kazi, mwinulie Mungu moyo kwa neno fupi. Jembe halina haja ya kusimama. Mahali ambapo kengele ya Malaika wa Bwana yalia, itikieni.

Wakati wa kula, shukuruni, na kumbukeni kama yuko mtu karibu asiyekula.

Saa ya jaribu, gusa kidogo kile kiungo kilichotiwa alama. Ukitaka kutukana, gusa midomo. Ukitaka kuchezea mizani, tazama mikono yako. Hakuna mtu atakayejua maana yake, ila wewe na Bwana.

Jioni, kabla ya kulala, jiulize maswali mawili tu: leo nilimpenda Mungu wapi? Leo nilimpita wapi? Kwa la kwanza shukuru. Kwa la pili omba msamaha, na kama kuna mtu wa kupatana naye, azimu kumwendea kesho.

6. Maswali ya kukumbuka somo

Swali: Nani alianza kupenda, mtu au Mungu?
Jibu: Mungu alianza. Upendo wetu ni jibu kwa upendo wake, na neema yake hutusaidia kujibu.

Swali: Kwa nini alama ya msalaba iliwekwa juu ya viungo vingi?
Jibu: Kwa sababu Kristu ataka mtu mzima, yaani sala yake, kazi yake, maneno yake na mizigo yake.

Swali: Je, mtu aweza kumpenda Mungu sokoni?
Jibu: Ndiyo. Aweza kumpenda kwa kupima haki, kusema kweli, na kutomwuzia mwenzake kitu kitakachomdhuru, kama Mwenyeheri Floribert alivyokataa kupitisha mchele ulioharibika.

Swali: Kama sisikii furaha katika sala, je, simpendi Mungu?
Jibu: Si lazima. Anayetaka kutenda mapenzi ya Mungu na kuyatenda, huyo ampenda, hata moyo ukiwa mkavu.

Swali: Je, kumpenda Mungu ni kukubali kila uonevu?
Jibu: Hapana. Twasamehe waonevu, lakini twamtua mzigo anayeonewa, na tena twakataa uovu.

7. Azimio la juma hili

Kila mmoja achague kiungo kimoja katika vile tulivyovitaja, kile ambacho anajua ni dhaifu kwake. Kwa juma moja akitoe kwa Mungu kila asubuhi, naye afanye kwa kiungo hicho tendo moja jema la siri. Asilitangaze. Tukikutana tena, katekista hatauliza mlifanya nini. Atauliza tu kama mlifanya.

8. Sala

Ee Baba, ulitupenda kabla hatujakujua. Ulitutia alama ya Mwanao katika viungo vyetu, nasi mara nyingi tumevitumia kama si vyako. Shusha upendo wako nyumbani mwetu, usipite juu yetu tu. Utupe macho yanayomwona mtu nyuma ya mali, midomo inayotangulia kupatana, moyo usiogawanyika, na mabega yaliyo tayari kuwapokea wengine mizigo. Kwa maombezi ya Bikira Maria, na ya Wenyeheri Isidori, Anuarite na Floribert, watoto wa nchi yetu, utufikishe katika maji ya Ubatizo, na baada ya Ubatizo utulinde tusizime taa uliyoiwasha. Twaomba hayo kwa Yezu Kristu Bwana wetu. Amina.